Elimu ya wajawazito iwe sheria, si hisani

Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa kila mwaka watoto wapatao milioni 1.9 duniani huzaliwa wafu baada ya mimba kufikisha wiki 28. Zaidi ya asilimia 40 kati yao hufa uchungu ukiwa umeshaanza. Hao walikuwa hai mama zao walipoanza safari ya kujifungua kwa uchungu.

Tanzania imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wanawake hujifungulia katika vituo vya afya. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi ni asilimia 65 tu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mara nane tangu mwaka 2016.

Pengo hilo lina gharama kubwa zaidi katika milima ya Usambara. Mjamzito wa Mgwashi au Milingano, katika Halmashauri ya Bumbuli, huifikia hospitali kwa barabara za kona na matope, mara nyingi akiwa juu ya bodaboda. Masika yakianza, udongo hushuka na njia hukatika. Huko, familia inayosema "tusubiri kupambazuke" wakati mtoto hajacheza tangu asubuhi huenda imeshampoteza.

Wapo wanaosubiri kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Mtoto kupunguza kucheza, damu kutoka, maji kuvuja, kichwa kuuma kupita kiasi, uso na mikono kuvimba: hizi ni dalili za kukimbilia kituoni saa hiyohiyo. Presha hugunduliwa kwa kipimo cha dakika chache. Kaswende, inayoua watoto wengi tumboni, hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Serikali imeweka namba 115 ya mfumo wa M-mama, inayopigwa bure ili mjamzito apate usafiri wa dharura. Namba hiyo haimfai asiyejua kwamba yuko hatarini.

Elimu hii imo katika miongozo ya Wizara ya Afya. Hata hivyo, foleni ikiwa ndefu na muuguzi akiwa mmoja, mafunzo ndiyo hukatwa kwanza, na mama hana pa kudai. Baba naye hubaki nje, ingawa mara nyingi ndiye anayeamua safari ianze lini na nauli itoke wapi.

Wengine wameshaamka. Katika jimbo la Iowa, Marekani, akina mama watano waliopoteza watoto walianzisha kampeni ya kuwafundisha wajawazito kufuatilia mtoto anavyocheza. Katika miaka 10 ya mwanzo, vifo vya watoto tumboni vilipungua jimboni kwa takribani theluthi moja. Julai 2024, nchi hiyo ilipitisha sheria inayoruhusu fedha za afya ya mama na mtoto zitumike kuvizuia.

Bunge letu litunge sheria inayokilazimisha kila kituo kuwafundisha mama na mwenzi wake dalili za hatari, kwa Kiswahili na, inapobidi, kwa Kisambaa au lugha nyingine wanayoielewa. Kila mtoto anayezaliwa mfu aandikwe, chanzo kichunguzwe na wazazi waelezwe. Bajeti ya wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii iambatane na wajibu huo. Sheria hiyo isimtoze mama faini. Vijiji vilivyowahi kuwatoza wanaojifungulia nyumbani viliongeza woga wa kwenda kliniki, havikuongeza maarifa.

Halmashauri ya Bumbuli haina haja ya kungoja Bunge. Inayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Iyatumie kabla ya masika yajayo. Kila msimu unaopita bila uamuzi utaacha familia zikizika watoto ambao wangeweza kuokolewa, na lawama haitakuwa ya mama ambaye hakufundishwa.