Kioo Kikiwa Cheusi, Usikimbilie Kupiga Windows

Mama mmoja ametuandikia akiwa amechanganyikiwa. Kompyuta ya mezani ya nyumbani kwake inawaka, feni inasikika ikivuma, lakini kioo ni cheusi tii. Ndani yake kuna kazi zote za binti yake wa kidato cha nne, na kuna video pekee waliyonayo ya marehemu bibi wa watoto akicheza ngoma kwenye harusi ya kifamilia. Fundi wa mtaani, kwa simu tu na bila kuiona mashine, amemwambia ailete "aipige Windows". Mama anauliza: nimpelekee?

Mama yangu, subiri kwanza. Sisemi kwamba fundi huyo ni mbaya. Lakini kupiga Windows ni kuweka mfumo upya, na mara nyingi vilivyomo kwenye diski hufutwa katika kazi hiyo hiyo. Kioo cheusi si sababu ya kufuta chochote. Picha, video na kazi za shule hazikai kwenye kioo, zinakaa kwenye diski iliyo ndani ya lile boksi ambalo wengi wetu tunaliita CPU. Kioo kinaweza kufa kabisa na diski ikabaki nzima, haina habari.

Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi yeyote ni hili: anayeumwa ni nani, monita au boksi? Hivi ni vifaa viwili, kila kimoja na waya wake wa umeme. Angalia kitaa kidogo kwenye ukingo wa monita. Kama hakiwaki kabisa, monita haipati umeme: bonyeza kitufe chake, sukuma waya mpaka uingie vizuri nyuma, kisha jaribu tundu jingine la ukutani badala ya ekstensheni ile ile. Nyumba zetu nyingi zina ekstensheni moja inayobeba televisheni, redio, chaja tano za simu na pasi, na tundu mojawapo likiungua hakuna anayejua.

Kitaa kikiwaka rangi ya chungwa, au kioo kikaandika maneno "No Signal", hiyo ni habari njema kuliko inavyoonekana. Monita ni nzima na inakwambia wazi kwamba haipokei picha. Sasa tazama waya unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye monita. Ule wa zamani wenye kichwa cha buluu, yaani VGA, una pini 15 nyembamba na skrubu mbili za pembeni. Zisipokazwa, mtoto akisogeza meza kidogo tu picha inaondoka. Zima vyote viwili, uchomoe, utazame pini. Kama kuna iliyopinda, usilazimishe kuingiza, inyooshe polepole au tafuta waya mwingine.

Waya huo wa buluu una siri moja ninayoipenda. Unabeba rangi nyekundu, kijani na buluu kila moja kwenye njia yake. Kwa hiyo siku picha yote ikigeuka ya njano, ujue buluu imekatika njiani. Ikigeuka ya zambarau, ni kijani. Hapo waya ndiye mshukiwa wa kwanza, na waya ni bei ndogo sana kuliko monita.

Kuna kosa jingine linalozisumbua familia nyingi, hasa zenye kompyuta iliyonunuliwa kwa ajili ya michezo. Nyuma ya boksi kunaweza kuwa na matundu ya picha sehemu mbili: ya juu, karibu na matundu ya kipanya na kibodi, na mengine chini zaidi, kwenye kadi ya picha iliyolala peke yake. Ikiwa kadi hiyo ipo, kwa kawaida monita inatakiwa kuchomekwa kwenye kadi, si pale juu. Aliyehamisha kompyuta wakati wa kufagia akarudisha waya kwenye tundu la juu, kioo kitakuwa cheusi na hakuna kilichoharibika.

Bado cheusi? Washa boksi, subiri kama dakika mbili, kisha bonyeza kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi mara kadhaa. Ikiwa kitaa chake kinawaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta iko hai na inakusikia, ila picha tu haifiki. Ikiwa hakibadiliki, tatizo linaweza kuwa ndani ya boksi, na tutafika huko.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote liko sebuleni tayari: televisheni. Ile bapa yenye tundu la HDMI ni monita kama monita nyingine. Beba boksi, lichomeke kwenye televisheni, kisha kwa rimoti chagua HDMI husika. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini hazina HDMI bali zina DisplayPort, tundu linalofanana nayo lakini kona moja tu ndiyo iliyokatwa, kwa hiyo utahitaji adapta. Mwambie muuzaji wazi kwamba kompyuta ina DisplayPort na televisheni ina HDMI, maana nyingi kati ya adapta hizo zinafanya kazi upande mmoja tu.

Picha ikitokea kwenye televisheni, mama, usishangilie kwanza. Chomeka flashi au diski ya nje hapo hapo, nakili ile video ya bibi na makabrasha ya binti, kisha ndiyo upige vigelegele. Kisha jua kwamba boksi halina tatizo. Kinachohitaji kubadilishwa ni waya au monita.

Kuna hali nyingine inayofanana na kioo cheusi lakini siyo. Zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka pembeni, ukikaribia. Ukiona picha hafifu kama kivuli, basi picha ipo, ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekufa. Uliza bei ya kutengeneza, kisha uliza bei ya monita ya mtumba, halafu linganisha. Mara nyingi ya pili inashinda.

Mistari kwenye kioo ina jaribio lake la nusu dakika. Bonyeza kitufe cha menyu cha monita yenyewe. Mistari ikipita hadi juu ya menyu hiyo, kioo kimeumia na hakuna programu itakayokiponya. Menyu ikiwa safi na mistari iko nyuma yake tu, angalia waya na kadi ya picha.

Na kuna yale ambayo si ugonjwa kabisa. Mtoto wa miaka minne amekalia kibodi, sasa picha imesimama kichwa chini miguu juu. Kwenye kompyuta nyingi za zamani zenye picha ya Intel, Ctrl na Alt pamoja na mshale wa juu huirudisha. Zikigoma, bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye eneo tupu la kioo, ingia kwenye mipangilio ya kioo, urekebishe mwelekeo. Hapo hapo ndipo utakapotibu herufi zilizovimba au zenye ukungu: chagua kipimo ambacho Windows yenyewe imekiandikia kuwa kinapendekezwa.

Sasa ndani ya boksi. Likipiga milio kadhaa linapowashwa, au Caps Lock haijibu, mara nyingi ni kadi ya ramu iliyolegea au kujaa vumbi. Ukiwa na mkono mtulivu unaweza kuifanya mwenyewe: chomoa umeme kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi, fungua ubavu wa boksi, gusa chuma chake ili kutoa umeme uliotulia mwilini, chomoa ramu, futa kwa kitambaa kikavu laini, irudishe mpaka usikie vishikizo vikilia "ta". Watoto wawe chumba kingine. Lile boksi dogo la chuma linalopokea umeme usilifungue hata likiwa limechomolewa, na monita ya zamani yenye kisogo kikubwa ndiyo kabisa usiiguse ndani. Vyote viwili hutunza umeme wa hatari muda mrefu baada ya kuzimwa.

Ukishafika hapo bila mafanikio, nenda kwa fundi, na uende na maneno. Mwambie umejaribu waya mwingine, umejaribu televisheni, kitaa cha kibodi kinafanya hivi. Fundi mzuri atafurahi maana umemwokolea saa nzima. Mwambie pia, mbele ya shahidi ikiwezekana, kwamba diski isifutwe bila ruhusa yako. Akisema ni lazima ifutwe, mwombe aichomoe na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine ili unakili vitu vyako kwanza. Ni kazi ya dakika chache na kila fundi mwenye vifaa anaiweza. Asiyetaka kuifanya, beba boksi lako urudi nalo nyumbani.

Kwa wale mnaokatiwa umeme mara kwa mara: ukikatika, chomoa boksi na monita ukutani, na usubiri umeme urudi na kutulia dakika kadhaa kabla ya kuchomeka tena. Ule mshtuko wa kwanza umeme unaporudi unaweza kuunguza vifaa vya ndani.