UBAO GANI ULITAZAMWA?



Muhula uliopita niliandika programu ndogo katika lugha ya JavaScript, juu ya kupanga majina ya wenye kuchelewa asubuhi. Sheria mnaijua: wadogo wa darasa la saba wanasamehewa mara 5 kwa mwezi, sisi wa mwisho mara 2 tu. Kila darasa nililitengenezea fonksyo yake ya kupima. Kisha nikaunga kazi tatu kama mnyororo: filter inachuja wenye kosa, map inatoa jina peke yake, sort inapanga kwa alfabeti. Mistari michache tu, nikajisifu!

Kumbe orodha ilijaa wadogo wa darasa la saba. Nami niliisoma mstarini bila kuichunguza. Mmoja wao alikuwa amechelewa mara 3 tu. Alilia mbele ya wenzake.

Bon, sikilizeni vile ilikuwa. Fonksyo iliyozaliwa ndani ya nyingine inaendelea kuona vitu vya kwao hata ikiisha kutoka. Hiyo ndiyo kloja. Lakini haibebi namba yenyewe, inakumbuka mahali namba inapoandikwa. Ni sawa na kumwambia kapita wa kila darasa: «Kikomo chako, angalia ubaoni.» Mimi niliandika 5, nikafuta, nikaandika nyingine, mwisho nikaandika 2. Walipokuja kupima, wote wakakuta 2. Nilitumia neno var, linaloweka ubao mmoja kwa wote. Neno let, lililoingia katika lugha hiyo mwaka 2015, linaupa kila mzunguko ubao wake. Neno moja tu, na mtoto asingelia.

Wengine wetu wanasema: nakili tu, programu ikitoa jibu, basi. Mimi nakataa. Jibu lilitoka, tena kwa alfabeti safi, na lilikuwa la uongo. Tujifunze kusimama kwenye kila pete ya mnyororo. Tuchukue wanafunzi watatu tunaowajua, tuandike kwenye karatasi nani anabaki baada ya filter, nini kinatoka baada ya map. Karatasi haingoji umeme kurudi.

Yule mdogo nilimwomba msamaha mstarini, pale pale nilipomsoma. Mashini haikuweza kuniombea. Basi siku itakapowaambia kwamba mtu ana kosa, muulize kwanza: ubao gani ulitazamwa?

Mwenzenu,
Prefe wa wanafunzi, Nyalukemba