Kabla ya kuruka mtaro, ruka tofali

BUNIA, mtaa wa Bigo – Leo tuongee juu ya vijana wa kinga. Si wale wanaobeba makala na mihogo. Ni wale wa jioni, wanaotazama kwenye simu namna watu wa Ulaya wanavyopanda ukuta kwa kinga, kisha wanatoka kujaribu mtaro wa barabarani.

Wazazi wengi wanasema mchezo huo ukatazwe. Mimi niko upande wa vijana, lakini kwa sharti: jambo ambalo hujalizoea chini, usilipeleke juu.

Mchezo wenyewe unaitwa triali. Ulianzia Katalonia, nchini Hispania, miaka ya 1970, kwa watu wa pikipiki. Pere Pi, aliyekuwa bingwa wa pikipiki za triali, ndiye aliyesaidia kuuleta kwenye kinga kwa ajili ya watoto, na mwanawe Ot Pi akaja kuwa bingwa wa dunia. Mchezaji anapita juu ya mawe, magogo na kuta bila kuweka mguu chini. Kwa hesabu ya zamani, mguu mmoja chini ni kosa moja, na makosa 5 ni kushindwa kipande hicho. Tena kabla ya kupanda, wachezaji wanapita pale kwa miguu, wanapima jiwe kwa macho, wanachagua njia. Kwa hiyo hata mabingwa hawarukii kitu ambacho hawajakichunguza.

Vijana watanijibu: na Danny MacAskill je? Ni kweli, Mskoti huyo alikuwa fundi wa kinga mjini Edinburgh, na mwaka 2009 video yake moja ilimfanya ajulikane duniani kote. Ndani yake anapita juu ya uzio wa vyuma vyenye ncha. Lakini video hiyo haifiki dakika 6, na kuipiga kulichukua miezi mingi. Uzio ule ulimwangusha tena na tena kabla ya kumkubali. Na alipoujaribu, alikuwa ameshapanda kinga ya triali tangu utoto. Simu inatuonyesha siku ya kufaulu tu.

Sasa tuje kwetu. Mkono ukivunjika, ni wiki 6 au 8 bila kubeba kitu. Mguu unaweza kuchukua miezi 4. Kwa familia inayolala kwenye hema, ambayo kijana huyo ndiye anayechota maji na kutafuta kibarua, miezi 4 ni nini? Mama atauza nini ili alipe dawa?

Hata hivyo, kijana anayerudia kila siku kile anachokijua haendelei. Na mwenye woga nusu ndiye anayeanguka vibaya: anaondoka kwa nguvu, katikati anakumbuka breki, gurudumu la nyuma linagonga ukingo. Lazima ifike siku ya kuamua na kwenda mzima mzima. Swali ni siku ipi.

Mimi ningesema hivi. Anza kwa kusimama palepale juu ya kinga bila kugusa chini, mpaka uhesabu 30. Ni kazi ya kuchosha, haina wa kupiga makofi. Kisha weka tofali moja kwenye majani. Ukilipanda mara 8 kati ya 10, ongeza la pili. Jambo jipya lifanye mapema, mwili ukiwa na nguvu, si lile la mwisho giza likiingia na wadogo wakipiga kelele "moja tena, yaya!" Hiyo "moja tena" ndiyo ninayoiogopa kuliko mtaro.

Na kinga zetu si zile za triali. Za kwao ni nyepesi, nyingi hazina kiti, breki zinashika kabisa na matairi yana upepo kidogo. Zetu ni nzito, breki ni za vyuma, nyingine hazina breki hata moja. Usipime urefu wako kwa kinga ya mwingine.

Kwa wazazi, naomba kitu kimoja kabla ya kukataza: tazameni ni kinga gani mtoto anachukua. Kinga inayolisha nyumba isiende kwenye mtaro hata siku moja, maana rimu ikipinda jioni, asubuhi hakuna wa kwenda sokoni. Kama kuna fundi mwenye fremu ya zamani na mipira ya breki isiyo na kazi, vijana wa hapa wanaihitaji. Matofali yaliyovunjika tunayo ya kutosha.