Adhabu ya Asiye na Kosa

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwahi kulilimisha darasa zima kwa kosa la mmoja nisiyemjua. Wasio na hatia walilima, na mkosaji alilima nao akicheka moyoni. Najuta hadi leo.

Mwaka 2011 Serikali yetu ya Tanzania ilifanya vivyo hivyo. Ili kuwazuia wafanyabiashara waliochakachua dizeli kwa mafuta ya taa, ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Aliyeadhibiwa ni bibi mwenye kibatari. Nyumbani kwangu tuliliacha jiko la mafuta, tukarudi kwenye mkaa.

Sasa twaambiwa mkaa ni dhambi. Mkakati wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni jema. Lakini mkaa huuzwa kwa kopo, na gesi kwa mtungi. Apataye riziki ya siku atanunuaje moto wa mwezi? Gesi nayo ipimwe kwa kopo lake, hadi vijijini. Kinyume cha hapo, ndugu msomaji, tunalilimisha tena darasa zima.