Kura Mnaiomba, Jina Mnalikataa



Mnakumbuka tarehe 26 Desemba 2018. Tume ya Uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba sisi hatutapiga kura tarehe 30 pamoja na nchi nzima. Eti Ebola, eti usalama. Lakini soko lilikuwa wazi, kanisa lilikuwa wazi! Watu wa Beni walikataa. Siku ile ya 30 walinawa mikono, wakapanga mstari, wakapiga kura yao wenyewe, wamama na wababa. Haikuhesabiwa. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, nasi tukaitwa kuchagua wabunge tarehe 31 Machi. Wanaume wa hapa walikasirika sana, kwa kuwa walipangiwa mkubwa kama watoto.

Sisi wamama wa chama tunawauliza: uchungu ule ulikuwa mpya kwenu? Mwezi wa Mei 1960, katika uchaguzi wa kuleta Uhuru, baba zenu walipiga kura na mama zenu walibaki nje. Mwanamke wa Kongo alipewa haki hiyo mwaka 1967.

Leo kura tunayo. Kampeni ikifika mnatugawia vitenge vyenye sura ya mgombea. Tunaimba, tunapika, tunazunguka mitaa yote. Orodha ikitoka, ni wanaume watupu, labda jina letu moja chini kabisa, la kupamba. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inataka usawa. Sheria ya uchaguzi ya mwaka huo huo, kifungu cha 13, ikasema orodha isiyo na usawa haitakataliwa. Haki iliingia kwa mlango wa mbele, wakaitoa kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2022 sheria ikarekebishwa: orodha yenye nusu ya wanawake hailipi fedha ya dhamana. Hata bahili angeona faida hapo!

Mnasema mwanamke hajui siasa. Nani anakwenda shambani upande wa Beni, ambako watu wanachinjwa tangu 2014? Na wewe mchimbaji, nani anakutwangia mawe ya dhahabu, kisha mkigawana anapewa vumbi?

Tunaziambia kamati zote za chama: orodha ijayo, nusu iwe yetu, wala si nusu ya chini. Mkikataa, vitenge tutavirudisha, na nyimbo mtaimba wenyewe.

Sisi, wamama wa chama, Butembo na Beni.