Bahari Katika Kioo

Pana hoja ipendezayo masikioni. Husema kuwa mpenda bahari aliye mbali nayo, hata akiwa Ikungi katika nyika ya Singida, aweza kuileta nyumbani: anunue tangi dogo la kioo, atie maji ya chumvi na mawe ya matumbawe, aweke chaza mkubwa mmoja wa jamii ya Tridacna, naye atakuwa ameijua bahari na kuiokoa. Hoja hii yapasa kujibiwa, maana umiliki hapa umevishwa joho la upendo.

Wapo waijibuo vibaya. Hao hudai kuwa mtu wa bara hana shughuli na mambo ya bahari. Jibu hilo ni kiburi. Elimu haina pwani wala bara, na mtoto wa Ikungi ana haki ya kumjua chaza sawasawa na mtoto wa Mafia. Kosa la tangi halitokani na asili ya mwenye tangi. Latokana na maumbile ya chaza na uchache wa maji.

Ndani ya nyama ya chaza huyu huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na sehemu ya chakula hicho humlisha mwenyeji wake. Kwa hiyo chaza hutaka mwanga mkali na maji maangavu. Kadhalika hutaka chokaa ya kujengea gamba. Aina mbili zipatikanazo katika miamba ya Tanzania, Tridacna maxima na Tridacna squamosa, huweza kufikia urefu wa sentimita 40 hivi. Tangi dogo kwake si makao, ni jeneza la kungojea.

Walisifuo tangi dogo hulisifu kwa wepesi. Kweli ni kinyume: udogo ndio uzito. Tuseme tangi lina lita 60 za maji ya bahari, na kila lita ina gramu 35 za chumvi. Katika hewa kavu na upepo wa Singida, lita 3 zikigeuka mvuke, chumvi yote hubaki, na kila lita iliyosalia huwa na gramu karibu 37. Mwamba wa bahari kuu haupatwi na msukosuko huo kwa kiangazi cha siku chache. Umeme nao ukikatika, pampu husimama na pumzi ya maji hupungua.

Yaliyopotea sharti yarudishwe kwa maji matamu yaliyo safi. Visima vya Singida mahali pengi vina floridi nyingi, na mashine ya kuchuja maji kwa ajili ya tangi humwaga sehemu kubwa ili kupata kidogo. Ni nani atakayesimama mbele ya mama mwenye ndoo kichwani, atokaye kisimani, amweleze kuwa maji yamemwagwa ili chaza apendeze sebuleni?

Dai la kuokoa ni dhaifu zaidi. Chaza huzaa kwa kumwaga mbegu na mayai majini. Wakiwa wachache na mbalimbali, mbegu hazikutani na mayai. Basi aliyeng'olewa mwambani si akiba, ni mbegu iliyoibwa shambani. Ndiyo sababu tangu mwaka 1985 biashara ya jamii yote hii baina ya mataifa imewekewa masharti na mkataba wa CITES. Wako wanaotaja chaza waliozalishwa na binadamu, kama ifanywavyo Palau. Hoja hiyo ina uzito: yapunguza hasara ya mwamba, walakini haiongezi hata tone katika tangi.

Mwanafunzi wa Ikungi hakosi darasa. Ziwa Singidani, katika mji wa Singida, ni maji ya chumvi yasiyohitaji pampu. Hapo atajifunza jinsi jua linyanyuavyo maji na kuacha chumvi, na jinsi heroe wapatavyo riziki yao. Akitaka kumwona chaza, na apelekwe kwenye hifadhi ya bahari ya Mafia, au Chumbe, ambako Serikali ya Zanzibar ilihifadhi mwamba mwaka 1994. Fedha ya tangi, taa na pampu ingelipa nauli ya wanafunzi kadhaa.

Wahenga walisema, bahari iliko ndiko mito iendako. Hawakusema kuwa bahari huuendea mto.