Afya Nyumbani: Kope ya Bibi Inapojikunja Ndani

Safari hii tuzungumzie macho ya wazee wetu, hasa mama wakwe na bibi tunaoishi nao. Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo si ajabu kumkuta bibi amekaa barazani akifuta jicho kwa pindo la kanga tangu asubuhi. Ukimwuliza atakujibu, "Ni uzee tu, mwanangu," au atausingizia moshi wa kuni. Wenye nyumba nao hukubali, wakaenda zao kupalilia maharage.

Sisi wauguzi tunakuomba usikubali haraka hivyo. Mketishe bibi mahali penye mwanga, umtazame kope ya chini. Je, ule ukingo wenye nywele unaonekana, au umezama ndani na nywele zinagusa jicho? Kama huoni kitu, mwambie afumbe macho kwa nguvu, kisha afumbue. Mara nyingi kope hugeuka hapo hapo. Sasa nawa mikono, uivute taratibu kwa kidole kuelekea shavuni. Itarudi mahali pake na bibi atasema jicho limetulia. Akipepesa mara mbili tatu, inajikunja tena.

Uzee unahusika kweli, lakini haina maana kwamba hakuna la kufanya. Kope ya chini imeshikwa pembeni na kano ndogo, na kwa chini iko mishipi inayoivuta isipande. Miaka ikienda kano hulegea kama mpira wa sketi iliyofuliwa sana, na ile mishipi huachia. Msuli unaofumba jicho hupanda juu ya ukingo na kuusukuma ndani. Tangu hapo kila bibi anapopepesa, nywele zake mwenyewe zinakwaruza kioo cha mbele cha jicho, maelfu ya mara kwa siku. Kioo kikichubuka, vijidudu huingia na kidonda hutokea. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likiwa katikati ya jicho bibi haoni tena vizuri. Kope hurekebishika, lakini kovu hilo halifutiki kwa dawa ya matone.

Wengi wakisikia habari ya nywele kuchoma jicho hufikiri mara moja ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Huo unajulikana sana katika nchi yetu. Huko Kongwa, Dodoma, watafiti wameushughulikia tangu miaka ya 1980. Lakini vikope huletwa na vijidudu, huanza utotoni, na makovu yake kwa kawaida huikunja kope ya juu. Ulegevu wa uzee hushika kope ya chini, wala hauambukizi. Upasuaji wake pia ni tofauti. Kwa hiyo ukifika hospitali usiseme tu "ana vikope". Eleza ni kope ipi, na tangu lini.

Kung'oa nywele kwa kibanio hakusaidii sana hapa. Nywele hazina kosa, kope ndiyo imegeuka, na baada ya wiki chache huota tena zikiwa fupi na ngumu. Usimtie maziwa ya mama, maji ya majani, wala matone uliyopewa na jirani. Matone yenye steroidi yanaweza kukiharibu zaidi kioo chenye kidonda. Wakati mnasubiri safari, kausha ngozi, bandika kipande chembamba cha plasta chini ya nywele, kisha ukivute kuelekea shavuni na nje kidogo ili kope ikae sawa. Badilisha kila siku. Mganga anaweza kumpa mafuta ya macho ya kulainisha. Hayo yote ni ya kusubiria tu.

Tiba yenyewe ni upasuaji mdogo. Bibi halazwi usingizi. Anachomwa sindano ya ganzi kwenye kope na anazungumza na daktari muda wote. Njia nyepesi ni kupitisha nyuzi chache kutoka ndani ya kope hadi kwenye ngozi chini ya nywele, ili ziuvute ukingo nje. Huchukua dakika chache tu. Ubaya wake ni kwamba kope yaweza kurudi ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika mwaka mmoja na nusu ilirudi kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watano waliotiwa nyuzi peke yake. Waliokazwa pia kope pembeni, kwa kuishona upya kwenye ukingo wa mfupa, haikurudi. Sisi tungemshauri mama aulize kama hiyo ya pili inapatikana. Isipopatikana karibu, nyuzi ni bora kuliko kukaa na jicho linalokwaruzwa.

Nauli ndiyo huzuia wengi. Anzieni hospitali ya wilaya, muulize kama mtaalamu wa macho anaweza kufanya kazi hiyo, au lini madaktari bingwa watapita. Ikibidi mtapewa barua ya kwenda Maweni, Kigoma mjini, au mbali zaidi: Bugando Mwanza, KCMC Moshi, CCBRT Dar es Salaam. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilielekeza wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, basi chukueni barua ya serikali ya kijiji na muulize ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kukata tamaa. Lakini bibi akiona doa jeupe kwenye jicho, akikimbia mwanga, au maumivu yakizidi ghafla, msingoje bingwa wala barua. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Mwambieni daktari dawa zote anazomeza, hasa aspirini na za kuyeyusha damu, wala msizisimamishe wenyewe. Baada ya upasuaji kope huvimba na kuwa na weusi kwa wiki moja au mbili. Apakwe dawa kama alivyoandikiwa, asisugue jicho, na kwa siku hizo mkwe au mjukuu ndiye apulize moto jikoni. Ulizeni mapema kama nyuzi zitayeyuka zenyewe au zitatolewa, ili nauli ya kurudi iwekwe kando.